Karen Wetterhahn na sumu za metali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa watu wa maabara, jina la Karen Wetterhahn lina hadithi moja tu: tone la zebaki lililoangukia mkono wenye glovu, na mwanasayansi aliyefariki miezi kumi baadaye. Hadithi hiyo ni ya kweli, na imesimuliwa mno. Mimi hufundisha kemia, na kila mwaka nikifika kwenye somo la usalama wa maabara naulizwa maswali yaleyale kuhusu tone lile. Ni nadra mwanafunzi kuniuliza mama huyu alikuwa akitafiti nini kwa miaka ishirini kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo majibu nimeyapanga nitakavyo mimi: kazi kwanza, tone baadaye. Mwenye haraka ashuke chini.

Karen Wetterhahn alikuwa nani?

Alikuwa mkemia wa Marekani. Alizaliwa Oktoba 16, 1948 katika mji wa Plattsburgh, kaskazini kabisa mwa jimbo la New York, si mbali na mpaka wa Kanada. Shahada ya kwanza aliipata St. Lawrence University mwaka 1970, na ya uzamivu Columbia University mwaka 1975. Mwaka 1976 aliajiriwa Dartmouth College, katika mji mdogo wa Hanover, jimbo la New Hampshire, na hakuhama tena mpaka alipofariki Juni 8, 1997, akiwa na miaka 48.

Alikuwa mwanamke wa kwanza kufundisha katika idara ya kemia ya chuo hicho. Usishangae: chuo chenyewe, ambacho ni cha karne ya 18, kilianza kupokea wanafunzi wa kike wa shahada mwaka 1972 tu. Alifika wakati milango ina miaka minne tangu ifunguliwe.

Alikuwa anatafiti metali zipi?

Zile ambazo mwilini au kwenye mazingira huwa kidogo sana, kiasi cha kuhitaji mashine maalumu kuzipima. Baadhi mwili unazihitaji. Mtu mzima ana takriban gramu 4 za chuma, gramu 2 au 3 za zinki, na shaba kiasi cha sehemu moja ya kumi ya gramu. Hayo ndiyo "madini" anayoyasema muuguzi wa kliniki anapompa mama mjamzito vidonge. Nyingine hazina kazi yoyote inayojulikana mwilini: zebaki, risasi, kadimiamu. Zikiingia, zinakaa kwenye nafasi za wengine na kuharibu.

Wetterhahn alishughulika na kromiamu kuliko metali nyingine yoyote. Kwa mtu wa sumu ni metali ya kuvutia, kwa sababu kromiamu ileile, ikibadilika hali tu, inaweza kuwa karibu haina neno au ikawa chanzo cha saratani.

Alianzaje? Alisomea sumu tangu mwanzo?

La. Alianzia kwenye platinamu. Msimamizi wake wa uzamivu, Stephen Lippard, alikuwa anachunguza jinsi metali zinavyojishikiza kwenye DNA. Miaka hiyo platinamu ilikuwa habari ya mjini: mwaka 1965 Barnett Rosenberg alikuwa amegundua kwa bahati kwamba mchanganyiko fulani wa platinamu unazuia bakteria kugawanyika, na baadaye ukawa dawa ya saratani, sisiplatini, inayotumika mpaka leo. Kazi ya Wetterhahn, iliyotoka 1974, ilionyesha mchanganyiko mwingine wa platinamu ukijipenyeza katikati ya ngazi za DNA, kama karatasi inayoingizwa kati ya kurasa za kitabu.

Nalieleza hili kwa sababu ndilo linaloeleza yote yaliyofuata. Hakuingia kwenye sumu kwa mlango wa udaktari. Alikuwa mkemia wa metali aliyezoea kuuliza: hii ioni inakwenda wapi, inashika nini, na ikishafika inageuka nini? Daktari wa sumu wa zamani angehesabu panya waliokufa. Yeye alitaka kujua kilichotokea ndani ya seli moja.

Ugunduzi wake mkubwa ni upi?

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo alipo hasa.

Kulikuwa na kitendawili. Kwa miongo mingi ilikuwa imeonekana kwamba wafanyakazi wa viwanda vya kromati hupata saratani ya mapafu kuliko watu wengine. Kromati ni kromiamu iliyo katika hali ya sita, yaani atomu iliyopoteza elektroni sita. Kwa ufupi niite kromiamu-sita. Basi ukiichukua kromiamu-sita ukaichanganya na DNA safi kwenye kijaribio, karibu hakuna kinachotokea. Haishikamani nayo. Ukichukua kromiamu-tatu, inashikamana na DNA vizuri tu. Lakini ukimpa mnyama hiyo kromiamu-tatu, saratani haionekani.

Yaani inayoua haigusi DNA, na inayogusa DNA haiui. Mwizi ni nani?

Jibu, ambalo Wetterhahn na wanafunzi wake walilijenga miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, lina hatua mbili. Ya kwanza ni mlangoni. Kromati ina umbo linalofanana sana na salfeti na fosfeti, vitu ambavyo seli inavihitaji kila siku na ina njia za kuviingiza. Seli inaitazama kromati, inaona salfeti, inafungua geti. Kromiamu-tatu haina umbo hilo, hivyo inabaki nje. Ndiyo maana haina madhara makubwa: imekosa mlango.

Hatua ya pili ni ndani. Seli ina vitu vya kujikinga, kama vitamini C na glutathioni, ambavyo kazi yake ni kutoa elektroni kwa chochote kinachoonekana hatari. Vinaiona kromiamu-sita, vinaipa elektroni. Kromiamu inashuka: sita, tano, nne, mpaka tatu. Sasa kromiamu-tatu ipo ndani, karibu na DNA, na haiwezi kutoka. Na njiani imepitia hali za kati ambazo ni kali na haziishi muda mrefu. Mwaka 1982 alichapisha ushahidi kwamba kromiamu-tano kweli hutokea pale sehemu za seli za ini zinapoishughulikia kromati.

Kinachonisisimua mimi mpaka leo ni hili: askari wa mwili ndio wanaoitengeneza silaha. Bila vile vikinga, kromati ingezungukazunguka bila kushika DNA. Mwili unapojitibu ndipo unapojiumiza. Wanafunzi wangu huwa wanabisha, wanadhani nimekosea kuandika ubaoni.

Maelezo hayo ya kuingia kwanza na kubadilishwa baadaye ndiyo yaliyobaki kuwa msingi wa kila anayesoma sumu ya kromiamu. Yameongezewa mengi, hayajang'olewa. Mwaka 1990 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kromiamu-sita kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka.

Kwa hiyo sufuria zangu za stenlesi zina sumu?

Hapana. Pikia. Kromiamu iliyo kwenye sufuria ni metali iliyotulia. Hatari iko kwa fundi anayeichomelea stenlesi bila kinga, kwa sababu moto ule huigeuza sehemu ya kromiamu kuwa kromiamu-sita inayopanda na moshi. Saruji nayo huwa na kiasi kidogo cha kromiamu-sita, na ndiyo inayowaletea baadhi ya mafundi waashi ukurutu wa mikono usiopona kwa urahisi.

Mbali na kromiamu, alifanya nini kingine chuoni?

Alipanda ngazi. Alikuwa profesa kamili, akapewa kiti cha heshima cha sayansi, akawa amidi wa upande wa sayansi, na kuna wakati alikaimu uamidi wa walimu wote wa chuo. Alichapisha makala za utafiti zaidi ya 85.

Mambo mawili yanastahili kutajwa peke yake. La kwanza ni mradi wa wanawake katika sayansi alioshiriki kuuanzisha mwaka 1990. Wazo lake lilikuwa rahisi: binti wa mwaka wa kwanza asingoje mpaka awe mtaalamu ndipo aingie maabara, aingizwe mapema, alipwe, apewe mtafiti wa kumlea. Tatizo alilolilenga si wasichana kushindwa sayansi. Walikuwa wakifaulu kisha wakihama kozi. Katika miaka iliyofuata sehemu ya wanawake kati ya waliohitimu sayansi chuoni hapo ilipanda kutoka asilimia 13 hadi 25. Sijui kwa nini mfano huu hauigwi zaidi kwenye vyuo vyetu, ambako mwanafunzi anaweza kufika mwaka wa tatu hajawahi kuishika mashine yenyewe, ameionyeshwa tu kwa mbali.

La pili ni ruzuku ya dola milioni 7 aliyoipatia Dartmouth mwaka 1995, kutoka upande wa utafiti wa Superfund, mpango wa serikali ya Marekani wa kusafisha maeneo yenye taka za sumu, kwa ajili ya kuchunguza sumu za metali. Aliwakusanya wanakemia, wanabiolojia, madaktari, wanajiolojia na wahandisi chini ya mradi mmoja. Kwa mtu aliyefanya kazi chuoni, hilo ni gumu kuliko kugundua kromiamu-tano.

Mradi huo ulifika wapi baada yake?

Uliendelea miaka mingi, na ukajulikana zaidi kwa aseniki, elementi yenye sumu. New Hampshire imekaa juu ya miamba yenye aseniki ya asili, na wakazi wengi wa vijijini huko wanakunywa maji ya visima vyao wenyewe ambavyo serikali haivipimi. Watafiti wa mradi walipima visima, wakapima hata kucha za miguu za wakazi, kwa sababu aseniki hukaa kwenye kucha na kuonyesha mtu amekunywa kiasi gani kwa miezi iliyopita. Kazi za namna hiyo ziliendana na mjadala mkubwa uliofanya Marekani mwaka 2001 ishushe kiwango kinachoruhusiwa kwenye maji ya kunywa kutoka mikrogramu 50 kwa lita hadi 10.

Kama alikuwa mtu wa kromiamu, zebaki ilitoka wapi?

Mwaka 1996 alikuwa ameanza kuangalia jinsi ioni za zebaki zinavyoshika protini zinazokarabati DNA. Kipimo alichotumia kinaitwa NMR: unaiweka sampuli kwenye sumaku kali, unasoma mawimbi yanayotoka. Lakini mawimbi hayo hayana maana mpaka uwe na kitu cha kulinganisha nacho, kama muuza maharage anavyohitaji jiwe la mizani. Kwa wanakemia wa wakati huo, jiwe la mizani la zebaki lilikuwa kimiminika kinachoitwa dimethili-zebaki.

Yaani kilichomuua hakikuwa hata kitu alichokuwa anakitafiti.

Nini kilitokea Agosti 14, 1996?

Alikuwa akihamisha dimethili-zebaki kidogo kwa pipeti kuingiza kwenye kijiti cha kioo cha NMR. Alifanyia kazi hiyo kwenye kabati la maabara linalovuta hewa nje, amevaa miwani ya kinga na glovu za mpira za lateksi. Tone moja au matone machache yaliangukia mgongo wa glovu. Alimaliza kazi, akavua glovu, akanawa. Aliandika kwenye daftari lake la maabara.

Hakuhisi kitu. Dimethili-zebaki haichomi, haiwashi.

Mwezi wa Novemba alianza kusumbuliwa na tumbo, akapungua uzito. Januari 1997 akaanza kuyumba akitembea, akawa anagonga vitu, na maneno yakawa yanamtoka kwa kukokota. Alilazwa hospitali Januari 20. Kipimo cha damu kilitoa mikrogramu 4,000 za zebaki kwa lita. Mtu wa kawaida ana kati ya 1 na 8, na 200 tayari huhesabiwa kuwa sumu. Alipoulizwa kama amewahi kugusana na zebaki, alilikumbuka lile tone.

Walimpa dawa zinazoikamata metali na kuitoa kwa mkojo, na kweli ilitoka kwa wingi. Haikusaidia. Zebaki iliyokwishaingia kwenye ubongo ilikuwa imefanya kazi yake. Wiki tatu baada ya dalili za kwanza za mishipa ya fahamu, hakuwa anaitikia sauti wala mwanga. Alifariki siku 298 tangu siku ya tone.

Kwa nini sumu ilikaa miezi mitano bila kuonekana?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na sayansi ina jibu la nusu. Dimethili-zebaki huyeyuka kwenye mafuta, hivyo hupita ngozi na kuingia kwenye ubongo ambao wenyewe una mafuta mengi. Mwilini hugeuzwa taratibu kuwa methili-zebaki, nayo ndiyo inayoharibu seli za fahamu. Uharibifu unapoanza, ubongo hufidia: seli zilizobaki hubeba kazi za zilizokufa. Siku fidia inapoisha, mtu anaporomoka kwa siku chache.

Ucheleweshaji wa aina hii ulikuwa umeonekana kabla. Mwaka 1971 na 1972 huko Iraq, familia za vijijini zilioka mikate kwa mbegu za ngano zilizopakwa dawa ya kuvu yenye methili-zebaki. Zaidi ya watu 6,000 walilazwa, mamia wakafa, na wengi wao walikula mikate hiyo kwa wiki kadhaa bila kuhisi kitu. Lakini miezi mitano, kwa kuguswa mara moja? Hilo bado linawashangaza wataalamu.

Ilijulikanaje kwamba ni tone lile na si jambo jingine?

Nywele. Unywele unakua kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, na zebaki iliyo kwenye damu siku fulani hunaswa ndani ya kipande kinachoota siku hiyo. Walichukua unywele wake mmoja mrefu, wakaupima kipande kwa kipande kutoka ncha hadi shina. Ulisomeka kama kalenda: chini, chini, kisha mpando mkali muda mfupi baada ya katikati ya Agosti, halafu kushuka polepole, nusu ikipotea kila baada ya takriban siku 75. Mpando mmoja tu. Muda wenyewe ulilingana na daftari lake. Wakihesabu kurudi nyuma, madaktari walikadiria kwamba kilichoingia mwilini hakikufika nusu mililita.

Naona kuna jambo hapa ambalo angelipenda. Utafiti wa kesi yake, uliochapishwa 1998 kwenye jarida kubwa la madaktari la New England, ulifanywa kwa njia alizotumia yeye maisha yake yote: metali imeingia wapi, imegeuka nini, imekaa muda gani.

Mbona hakuvaa kinga inayofaa? Alizembea?

Hapana, na neno hilo linaniudhi kila nikilisikia. Glovu za lateksi ndizo zilizokuwa zikitumika. Maelezo ya usalama yaliyokuwepo hayakumwambia avae nyingine. Baada ya ajali, wenzake walipeleka glovu za aina ile zikapimwe, na matokeo yakaonyesha dimethili-zebaki inapita kwenye lateksi kwa sekunde 15 au chini ya hapo. Glovu ile ilikuwa kama haipo. Mbaya zaidi, ilimpa utulivu wa moyo asioustahili.

Kinachoweza kulaumiwa ni kwamba kemikali ile ilikuwa inauzwa na kutumika kama jiwe la mizani la kawaida, ilhali hatari yake ilikuwa imejulikana tangu miaka ya 1860. Wasaidizi wawili wa maabara jijini London walikufa kwa dimethili-zebaki miaka hiyo. Zaidi ya karne moja na robo baadaye, wanakemia walikuwa bado wanaishika kwa mpira mwembamba.

Kuna mwingine aliyedhurika?

Hapana. Wenzake wa maabara, wanafunzi na familia yake walipimwa. Wote walikuwa salama.

Kilibadilika nini baada ya kifo chake?

Kabla hajapoteza fahamu aliomba wengine waonywe. Mei 1997, akiwa bado hai lakini hatambui kitu, wenzake waliandika barua kwenye gazeti la wanakemia wa Marekani wakieleza kilichotokea na matokeo ya vipimo vya glovu. Wakala wa usalama kazini wa serikali ya Marekani, OSHA, ulitoa tahadhari: dimethili-zebaki isitumike ila pale ambapo hakuna njia nyingine kabisa, na anayelazimika avae glovu mbili, ya ndani ya plastiki yenye tabaka nyingi na ya nje nzito ya neopreni. Chuo kilitozwa faini ya dola 9,000 kwa kutowafundisha watu wake vya kutosha kuhusu mipaka ya glovu.

Leo wanaopima zebaki kwa NMR hutumia chumvi za zebaki zilizoyeyushwa kuwa kilinganishio. Matokeo yanatoka vilevile, na ndiyo maana swali la kwa nini hawakubadili mapema linauma.

Tangu 1998 taasisi ya taifa ya afya ya mazingira ya Marekani hutoa kila mwaka tuzo yenye jina lake kwa mtafiti kijana wa Superfund.

Zebaki wanayotumia wachimbaji wadogo wa dhahabu ni hiyohiyo?

Hapana, na msichanganye, kwa sababu kuchanganya kunaleta hofu mahali pasipo na hofu na kuondoa hofu panapostahili. Zebaki ya mchimbaji wa Geita, Chunya au Migori ni zebaki tupu, ile nzito inayong'aa na kukimbiakimbia kwenye karai. Ikikugusa mkononi mara moja haikuui. Hatari yake iko kwenye mvuke. Anayechoma bonge la dhahabu na zebaki juu ya jiko la mkaa, tena jikoni ambako mama anapika na mtoto amelala, anaipeleka moja kwa moja kwenye mapafu ya wote. Kutoka mapafuni inaingia kwenye damu, kisha mikono inaanza kutetemeka.

Krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki ni za tatu. Hizo zina chumvi za zebaki, na kinachoumia kwanza ni figo.

Halafu kuna ile inayomwagwa na maji machafu ya machimbo mpaka mtoni. Huko kwenye tope bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, ndugu wa karibu wa iliyomuua Wetterhahn, ikapanda kwa samaki mdogo hadi mkubwa. Samaki wenye methili-zebaki ndio walioleta ugonjwa Minamata, Japani, ingawa huko ilimwagwa na kiwanda; ugonjwa huo uligunduliwa rasmi 1956, na ndiyo sababu mkataba wa kimataifa wa zebaki wa mwaka 2013 ukapewa jina la mji huo.

Metali moja, nyuso nne. Ukiulizwa "zebaki ni sumu?", jibu kwa swali: ipi?

Kipimajoto cha kioo kimevunjika nyumbani. Nifanye nini?

Usifagie, ufagio unaipasua vipande vidogo zaidi. Fungua madirisha, ondoa watoto, vua pete na bangili. Zisukume gololi kwa karatasi ngumu mpaka zikusanyike, zitie kwenye chupa yenye kifuniko, vumbi linalobaki lidake kwa utepe wa gundi. Usimwage kwenye sinki. Kiasi hicho kimoja hakitaua mtu, ila kisiachwe chini ya zulia.

Nataka kuwa mtafiti wa sumu za metali. Nisome nini?

Kemia na biolojia, na usikimbie hesabu. Shahada ya kwanza ikiwa ya kemia, ongeza kozi za biokemia. Ikiwa ya biolojia au famasia, ongeza kemia isiyo ya kaboni, ambayo wanabiolojia huipa kisogo halafu wanajuta. Jifunze kupima kabla ya kujifunza kutafsiri: kuandaa sampuli ya damu, maji au samaki bila kuichafua kwa metali kutoka kwenye vyombo vyako ni ufundi, na matokeo mengi ya ajabu yanayotangazwa magazetini huanzia kwenye chupa chafu. Kwa Tanzania, maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ni mahali pazuri pa kuomba mafunzo kwa vitendo. Na kabla ya kushika kemikali yoyote, tafuta jedwali linaloonyesha glovu ipi inazuia nini, kwa dakika ngapi. Majedwali hayo yapo bure kwa watengenezaji wa glovu.

Nimetafuta makala zake za mwanzo kwenye intaneti, siyaoni. Kwa nini?

Unatafuta jina ambalo hakulitumia wakati huo. Makala ya platinamu ya 1974, zile za kwanza za kromati, na ile ya kromiamu-tano ya 1982 aliyaandika kwa jina la K. W. Jennette. Tafuta hilo.